Malimbuko ya Mchicha

Mtu akiniambia sijui kupika chapati, nitakubali, maana ni kweli. Akiniambia naendesha gari kama ninayefukuzwa, nitacheka. Lakini asithubutu kuniambia sijui mchicha. Mchicha ulioko nyuma ya nyumba yangu hapa Garland, kando ya Dallas, Texas, ukipita mwezi wa tisa utaukuta umenifika kifuani, majani mapana na laini, na hata ua moja haujatoa. Najivunia. Sioni sababu ya kuficha.

Mbegu ilitoka Taita. Mama yangu ndiye aliyeileta, alipokuja kunitunza nilipojifungua binti yangu. Alikuja nayo ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka kilichokwisha mafuta. Wakati huo tulikuwa tunapanga mji wa jirani, Mesquite, chumba cha chini, na kabla sijapata nguvu za kusimama vizuri mama alikuwa ameshachimba kijishamba kando ya ukuta, mjukuu mgongoni, huku akinung'unika kwamba mzazi asiyekula mchicha atatoa maziwa gani. Mbegu hiyo alipewa na mama yake alipoolewa. Alipoondoka aliniachia kikopo, akanionya nisije nikaipoteza.

Sikuipoteza, niliigawa. Katika kikundi cha kina mama kanisani tulikuwa Wakenya, wengi wetu wauguzi, pamoja na Wakongo, baadhi wakitoka mbali huko Haltom City. Wakongo wanauita mchicha lengalenga, nao hawana mchezo nao. Baada ya miaka michache karibu kila mmoja wetu alikuwa na kitanda cha mchicha wa mama yangu nyuma ya nyumba, na mimi nilitembea kanisani kichwa juu kama niliyeuumba.

Tukajiwekea desturi. Kila kiangazi, mbegu za kwanza kabisa kukauka zililetwa madhabahuni kuwa malimbuko. Aliyewahi kuliko wenzake alipigiwa vigelegele. Mchungaji aliziombea, kisha tukagawana, na hizo ndizo tulizopanda mwaka uliofuata. Nani apande mbegu nyingine wakati hizi zimebarikiwa? Mimi mwenyewe nimepigiwa vigelegele hivyo zaidi ya mara moja, na siwezi kudanganya, vilinikolea.

Kisha mchicha ukaanza kwenda mrama. Haikuwa ghafla. Mwaka mmoja ulitoa maua ukiwa kiunoni, tukasema ni hali ya hewa. Mwaka mwingine ukatoa maua ukiwa magotini. Mwishowe ukawa hujachuma mara mbili, mmea bado uko usawa wa kifundo cha mguu, umeshakaza shina na kusimamisha shuke. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walisema jua la Texas, wengine maji ya bomba, na dada mmoja alisisitiza kwamba kuna mwenzetu ana jicho baya, huku akinitazama mimi. Tulimwaga samadi mpaka majirani wakafunga madirisha. Haikusaidia kitu, na baadhi yetu wakaanza kununua spinachi ya kwenye barafu.

Katikati ya balaa hilo mama akapiga simu kutoka Taita. Alisema kaka zangu wamejenga vyumba vya kupangisha pale palipokuwa bustani yake, na mbegu kidogo aliyokuwa ameihifadhi ukame umeimaliza. Ameuliza kijiji kizima, watu siku hizi wanapanda mbegu za dukani. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Huku umekwisha," akasema. "Uliobaki ni huo wa kwako. Nikija nitauchukua."

 Nikamwambia upo, mama, upo, njoo tu. Nilipokata simu nilitoka nje nikautazama. Ulikuwa mchicha wa kuchekesha, vijiti vitupu vyenye mashuke. Mmea wa bibi yangu na wa mama yangu ulikuwa umebaki Texas peke yake duniani, na Texas kwenyewe ulikuwa unafia mikononi mwangu.

Sasa niseme jambo kuhusu mimi. Kabla sijawa muuguzi nilikuwa mwalimu wa biolojia, sekondari, kule Voi. Somo la mageuko ya viumbe na uteuzi wa asili nililifundisha mpaka chaki zikaisha. Wazazi walikuja ofisini kulalamika kwamba nawaambia watoto wao walitokana na nyani, nami niliwaambia waje wakae darasani wasikilize kwanza ndipo wagombe. Hakuna aliyekuja. Mitihani ilipotoka wanafunzi wangu walifanya vizuri, na malalamiko yakaisha yenyewe.

Kwa hiyo jioni moja binti yangu alipokaa mezani jikoni kujiandaa kwa mtihani wa somo hilohilo, damu ya ualimu ilinipanda. Nilimuuliza uteuzi wa asili ni nini. Akanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kwamba wenye nguvu hubaki na wanyonge hufa. Hapo nikawaka.

"Si mwenye nguvu," nikamwambia. "Wala si mzuri. Anayebaki ni yule anayeacha watoto. Asiyeacha mbegu, hata awe bora namna gani, habari yake imeishia hapo."

Nilikuwa nimenyoosha kidole, na kidole kilikuwa kimeelekea dirishani. Pale dirishani kulikuwa na sinia la mashuke niliyokuwa nakausha, malimbuko ya Jumapili. Nikabaki nimenyoosha kidole vilevile. Loo! Mimea mizuri, ile yenye majani mengi na isiyo na haraka ya kutoa maua, tulikuwa tunafanyaje nayo? Tulikuwa tunaila. Tunachuma kiangazi chote, tunakata ncha, inachipua, tunakata tena, mpaka baridi inaikuta haina hata punje moja. Na ile yenye papara, ambayo hailiki, ndiyo tuliyoiacha ikomae, tukaipeleka kanisani, tukaipigia vigelegele na kuipanda. Mwaka baada ya mwaka tulikuwa tunachagua wazazi, na tulichagua wale wa hovyo. Mchicha haukuugua. Ulikuwa unatutii.

Binti yangu aliuliza kulikoni. Nikamwambia afunge kitabu, ameshafaulu.

Sikulala kwa raha hadi siku ya mkutano wa kina mama. Mwenyekiti wetu ni Mkongo, mama mwenye sauti ya kujaza ukumbi, anafanya kazi kwenye ghala moja hapa Garland na hakuna msimamizi anayemtisha. Habari za ualimu wangu alikuwa nazo zamani. Niliposimama tu na kusema nataka kueleza mchicha umebadilikaje, akawageukia wenzake akasema leo Mwalimu ametuletea nyani wake. Wakacheka mpaka wakapigana mabega. Nikapiga moyo konde.

Nikawauliza, mtu mwenye ng'ombe akichinja kila mwaka wale wanaotoa maziwa mengi, akawaachia kuzaa wale wa kikombe kimoja tu, baadaye ndama wake watatoa nini? Wengi wao wamekulia kwenye ng'ombe. Kicheko kilikatika. Nikawaambia basi hivyo ndivyo tulivyoufanyia mchicha, tumekula wenye majani na kuzalisha wenye papara. Si jua, si maji ya bomba, na jicho langu halina kosa lolote. Yule dada akatazama chini.

Mwenyekiti hakuwa anacheka tena. Aliweka mikono yote miwili mezani.

"Mwalimu," akasema, "unataka kutuambia malimbuko yetu ndiyo yameharibu lengalenga?"

 Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo, na wale ni watu ambao malimbuko kwao si mchezo. Hata kwangu si mchezo. Watu hudhani ukifundisha mageuko ya viumbe umeshamkana Mungu. Mimi namwomba kila siku, na siku ile nilimwomba nikiwa nimesimama.

"Malimbuko hayana kosa," nikasema. "Kosa ni kumpa Mungu halafu tunamnyang'anya tukapande. Chake kiliwe chote. Zile mbegu za kwanza tuzisage, watoto wa shule ya Jumapili wanywe uji. Sisi tupande za mwisho."

 Mwenyekiti akarudia, za mwisho, pole pole, kama anayeonja chumvi. Akauliza ile mimea mizuri ya kutoa mbegu za mwisho itachumwa na nani. Nikasema haichumwi na mtu. Hapo ndipo kelele ilipozuka, maana kuwaambia kina mama wa Kikenya na wa Kikongo wautazame mchicha mzuri kiangazi chote bila kuugusa ni kuwaonea. Lakini mwenyekiti alipiga meza, na Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'oa kitanda chake, akabakiza mimea michache tu iliyochelewa. Wengine wakafuata, baadhi shingo upande.

Kiangazi cha kwanza kilinitoa jasho. Kila mmea uliothubutu kutoa ua mapema niling'oa. Ile bora niliifunga kitambaa chekundu cha kitenge, maana yake usiguse. Mume wangu nilimkuta na makasi, amepiga magoti mbele ya mmea wenye kitambaa, ananiambia ugali umeshaiva na angekata kidogo tu. Siku ile tulikula ugali na maharage. Mwezi wa nane jua likaja juu na kubabua mimea mingi hata yenye kitambaa. Nilihuzunika, halafu nikatambua kwamba jua tulilolisingizia miaka yote sasa linanifanyia kazi, linaniondolea isiyoiweza Texas. Iliyobaki nayo ilichelewa mpaka nikaogopa baridi itaiwahi. Nilikuwa naifunika kwa mashuka ya kitandani. Ikakomaa michache sana. Punje zake zilijaa viganja viwili tu.

Mama alitarajiwa mwaka huo, ila goti lake likakataa, madaktari wakasema asubiri. Nilimwombea apone. Mungu anisamehe, sikumwomba amponye haraka.

Maana kiangazi cha pili ndicho nilichokuwa nakihitaji. Punje zile nilizigawa kwa wote, na mara hii mchicha ulipita magoti bila ua, ukapita kiuno. Mwenyekiti alinipigia simu akiwa kazini, kwenye mapumziko, kuniambia lengalenga yake imekataa kuzeeka. Jumapili ya malimbuko watoto walikunywa uji mzito wa mbegu za mimea michache yenye haraka tuliyoitenga mbali, na vigelegele vilipigwa kwa ajili ya uji.

Mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata mama akatua Houston, kwa kaka yangu anayeishi huko. Kaka ana mdomo. Alikuwa ameshamwambia kwamba mchicha wa dada umegeuka majani ya ng'ombe, kwa sababu mara ya mwisho kuuona ilikuwa ile miaka mibaya. Nilikwenda kumchukua mama, na njia nzima kurudi Dallas alizungumzia goti. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema amesikia maneno ya kaka. Nikamwambia asubiri afike.

Alipofika alikataa chai. Alishika fimbo yake akapita jikoni moja kwa moja hadi nyuma, nami nyuma yake. Alisimama mbele ya mchicha. Akapenyeza mkono katikati ya majani kutafuta maua, hakupata. Akavunja shina kwa ukucha, likakatika kirahisi. Akatafuna jani bichi, akalitafuna muda mrefu.

"Huu si wangu," akasema.

 Nilitaka kumweleza yote, papara, malimbuko, vitambaa, mashuka, lakini hakunipa nafasi. Alikuwa bado anapapasa shina.

"Wangu haukuwa na shina hili," akaendelea. "Na wangu kwenye jua hili ungeshalala chini. Umeufanyaje?"

Nikamwambia nilikuwa nang'oa wenye haraka, naacha wenye subira. Akatikisa kichwa pole pole. Akasema hata yeye mama yake alipouona mchicha wake, miaka mingi baada ya kumpa mbegu, alimwambia vivyo hivyo, huu si wangu tena, umekuwa wako. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka, kitupu, kimeoshwa hadi kinang'aa. Alikuwa amekibeba kutoka Taita.

"Basi huu ni wako," mama akasema. "Nijazie."

Kaka alikuwa ameahidi kushughulikia vibali vya mbegu, kwa hiyo upande huo sikuwa na wasiwasi. Niliingia ndani nikatoa chupa ya mbegu za mwaka uliotangulia, za mwisho kabisa. Nilimimina na kumimina, machozi yakinitoka na wala sikuyafuta. Kikopo kikajaa mpaka kifuniko kikagoma. Mama akakishikilia kwa mikono miwili, nami nikakandamiza kifuniko mpaka kikafunga.