Kutoka Majengo

Jioni ya kaka yangu kurudi kutoka Amsterdam, tuliona taa za ndege zikishuka kule tambarare, na mama akabandika machalari. Alijua kwamba ndizi zikiiva, gari litakuwa limeshapanda mlima. Ziliiva, zikapoa. Kulipokucha, baba aliteremka Moshi mjini kuulizia kama ndege ilianguka. Mama akakaa mlangoni, hataki kusemeshwa.

Baba alirudi mchana. “Ndege ilifika salama. Yuko Majengo, hapo hapo mjini, anakunywa na wenzake.”

Mama aliwamwagia mbwa sufuria nzima.

Kesho yake kaka akaingia, anacheka. “Shikamoo mama.”

Mama hakuitikia. “Hivi huko Ulaya ni mbali?”

“Wala. Masaa manane tu kwa ndege.”

“Na Majengo?”