Karatasi ya Matembezi

Mdogo wangu alifia Kakuma mwanzoni mwa 2012, akiwa na titi moja. Alikuwa akiuza mitumba karibu na kambi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mashine ya mionzi, Nairobi. "Subiri, utaitwa," karani alimwambia, naye akasubiri, simu kaifunga kwenye pindo la leso hata akienda chooni. Walipiga wiki mbili baada ya kumzika. Mimi ndiye niliyepokea, na matusi niliyomtukana yule mtu sijayaungama mpaka leo.

Mwaka uliofuata, wanawake wa kanisa letu la Lodwar waliposema twende kwa miguu mpaka Kakuma kuchangisha pesa za utafiti wa saratani, nilikubali kwa hasira tu. Siku kadhaa kwenye jua lile! Mume wangu alicheka: "Wewe? Ukienda sokoni tu unapumzika mara mbili." Nikamwambia ataona.

Kila mmoja alipewa fulana nyeupe, na ubao wenye karatasi ya kuandika majina ya wachangaji. Hapo ndipo tulipokosea, sisi watu wa kuja tunaojiona wenyeji kwa sababu tunajua kusalimia ejok kwa Kiturkana. Kule, mgeni mwenye fulana na karatasi amekuja kuandika watu wa msaada. Kila mtu anajua hivyo.

Siku ya pili visigino vilikuwa vimechubuka, nikijikokota nyuma ya wenzangu. Kando ya barabara nikakuta watu wamepanga foleni. Wa kwanza alikuwa mama wa makamo, shingo imejaa shanga. Alifungua shuka, akaushika mkono wangu, akauweka kwenye titi lake la kushoto. Jiwe. Jiwe kama lile nililolishika kwa mdogo wangu, nikamwambia usijali, ni maziwa yameganda.

Nilikuwa na mfagiaji wa ofisi yetu, mama Mturkana, naye akatafsiri.

"Anasema umwandike. Gari ya hospitali itamkuta hapa."

"Mwambie hii ni ya utafiti."

"Utafiti nitamwambia ni nini?"

"Kutafuta dawa."

Wakaongea. "Amesikia dawa. Anauliza ni lini."

Ee Mola! Gari letu la maji lilikuwa limetangulia, na mahali pale simu haishiki. Yule mfagiaji akaninong'oneza: "Mama, usimwandike kama huna gari. Huku mtu akiandikwa, hahami tena. Wengine wataenda na mbuzi, yeye atabaki."

Nilisikia. Sitasema sikusikia. Lakini nilikuwa nimechoka, nataka kivuli, nataka aniachie mkono. Nikamwandika. Kisha kinywa changu hiki hiki kikasema, "Mwambie asubiri, ataitwa."

Kakuma tulipokelewa kwa vigelegele na soda za baridi. Watu walilia, wakatukumbatia, wakatuita mashujaa. Mwenyekiti wetu alipokusanya karatasi nilimweleza habari za yule mama, nikamwomba tumtumie gari. "Gari linarudi kwa mwenyewe leo," akasema. "Na huyu hajachanga kitu." Akalikata jina kwa mstari mmoja wa kalamu. Mimi, ninayegombana na muuza nyanya kwa nyanya moja, sikubisha. Niliona aibu kuharibu sherehe.

Nilikaa siku nne kwa shemeji yangu, nikapalilia miiba kaburini, kisha nikapanda basi la kurudi Lodwar. Nilichagua kiti cha dirishani nimtafute, na njia nzima nilikuwa nikiomba asiwepo.

Pale penye foleni, boma lao lilikuwa limehama. Pamebaki majivu na ua wa miiba ulioanguka. Naye alikuwepo, peke yake, ameketi juu ya ngozi kando ya barabara, dumu la maji miguuni. Aliposikia injini akasimama, akajifunga shuka vizuri kama mtu anayekwenda safari, akainua mkono.

Ningepiga kelele, dereva angesimama. Nimewahi kumsimamisha dereva kwa ajili ya kuku aliyeanguka kutoka juu ya basi. Lakini angenitambua, angeniuliza gari liko wapi, na mimi ningemwambia nini?

Bado nilikuwa nimevaa fulana ile nyeupe. Nikavuta pazia.