Mnafu Ulioliwa Kabla ya Kupimwa

Mimi shule niliishia darasa la pili, mnisamehe nikizunguka. Mwaka ule maharage yalikubali sana huku kwetu Magamba, lakini habari yenyewe ni mnafu, ile mboga yetu ya majani machungu.

Alikuja binti wa utafiti na dereva wake, wakiulizia mboga tunazokula na ambazo pia tunampa mgonjwa wa homa, wakazipime kama zina kitu cha kuua malaria. Akaniamkia vizuri.

"Bibi, keshokutwa nitapata mnafu?"

"Utapata."

Sasa mtu ametoka mbali, nimkabidhi majani mabichi kama mbuzi? Siku ya ahadi ilipofika nikauchemsha, nikatia magadi kidogo na karanga, nikasonga ugali. Wakala mpaka bakuli likabaki jeupe. Binti akanawa, akasema taratibu, "Mtamu kweli, Bibi. Ila tumekula sampuli. Nilitaka mbichi, nikaukaushe kivulini."

Tulicheka mpaka mzee wangu akaguna chumbani. Alikuwa ametoka Mombo kumtazama dada yake, kule kwenye joto na mbu, akarudi anatetemeka. Nilikuwa namnywesha maji ya mnafu, yale machungu, kama mama yangu alivyotunywesha sisi. Nilipomwambia binti hivyo akaacha kucheka.

"Babu aende zahanati sasa hivi."

"Si umesema mnafu una dawa?"

"Nimesema tunaitafuta, Bibi. Hatujaiona bado."

Mzee akagoma. "Mboga imenilea mpaka mvi, leo mnaifukuza?"

"Haifukuzwi, Babu. Utaila ukirudi."

Akaingizwa kwenye gari lao, kichwa nimekipakata mimi. Zahanati wakamtoboa kidole, malaria ikaonekana, akaanzishiwa dawa mseto. Mganga akaniambia tungengoja zaidi ingempanda kichwani. Nilikaa kwenye benchi, mikono inanuka karanga, namwomba Mungu tu.

Alirudi. Kitu cha kwanza aliulizia mnafu.

Namshukuru binti yule kila nikiswali. Angeweza kunifurahisha, aseme mboga yangu ni dawa tosha, nami ningeamini, na eda ningekuwa nimeshaikaa zamani.

Siku hizi namwanikia majani kivulini, nyuma ya jiko, na sufuria moja nampikia pembeni. Kila akija namuuliza majibu, ananiambia bado. Mzee anasema wasiharakishe majibu, maana siku wakija wao ndiyo na yeye anatiliwa karanga kwenye mnafu wake.