Fundi Makochi na Ua la Mkewe

Mtaani kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Kazi yake ilikuwa makochi: kuyavua vitambaa vilivyochakaa, kuyajaza upya kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa vizuri, kisha kuyavisha mpaka mwenyewe akija asilitambue kochi lake. Akikalia kiti chako mara moja tu angekwambia mguu upi utaanza kulegea, na kama wewe ni mtu wa kujilaza, unalalia upande gani. Lakini habari hii si ya makochi, ni ya ua.

Ua lilikuwa la mkewe. Lilikuwa na majani mapana yenye umbo la moyo, nalo lilikaa kwenye chungu sebuleni, juu ya stuli, karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Mama, ndivyo Fundi alivyomwita mkewe, alilipata likiwa kipande cha shina chenye jani moja, akalilea miaka tisa. Kisha binti yao aliyeolewa ng'ambo, huko kwenye baridi, akajifungua mapacha, na mama akaenda kumsaidia. Alisema miezi sita. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

Fundi hakumwambia arudi, hata siku moja. Kila Jumapili mchana walizungumza kwa simu ya picha, na akiulizwa habari alijibu, "Huku salama, wewe lea wajukuu." Simu ikishakatwa alikwenda kwenye ua, akachomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili kama alivyoagizwa. Pakiwa pakavu anamwagia, pakiwa na unyevu anaacha. Halafu anafuta majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, mbele na nyuma. Yote aliyoshindwa kumwambia mkewe aliliambia ua. "Kitanda kimekuwa kikubwa," alilinong'oneza siku moja, akaona haya, akageuka kutazama kama kuna mtu mlangoni.

Taabu ni kwamba shina lilirefuka likaanguka kutoka kwenye stuli, likawa linatambaa sakafuni, na kila jani jipya likatoka dogo kuliko lililotangulia. Jumapili moja akageuza simu ili mama aone.

"Maskini, linahangaika," mama alisema. "Fundi, tafuta..." Hapo mtandao ukaanza vituko vyake. Uso wa mama ukaganda mdomo wazi, na sauti ikarudi na neno moja tu, "...lipande." Simu ikakatika.

Fundi hakuona cha kuuliza. Mtu akikwambia lipande, amekuagiza uchimbe shimo. Akatafuta mahali uani, karibu na bomba, penye jua tele, maana hakutaka kulibania ua la mkewe. Akachimba, akalitia, akalimwagilia, akarudi ndani ameridhika.

Siku ya tatu majani yalikuwa na mabaka ya kahawia kama shati lililounguzwa na pasi. Siku ya tano yakajikunja. Jirani yake, dada mshonaji asiye na breki mdomoni, akachungulia juu ya ukuta.

"Fundi, limekukosea nini hilo ua?"

"Nimelipanda, dada. Nimeagizwa."

"Aliyekuagiza ana kisa nalo. Hilo ni la ndani, jua la mchana linalikaanga. Au unataka kuoa, umeanza kufuta ushahidi?"

Fundi hakucheka. Huko ng'ambo mama alikuwa na kila kitu, binti, wajukuu, hata jiko jipya. Hapa nyumbani kitu pekee alichokiulizia kila wiki kilikuwa hilo ua. Likifa, atakuwa na kipi cha kumvuta arudi?

Akaliinamia, akalipapasa shina lote kama anavyotafuta mbao iliyooza ndani ya kochi. Chini kabisa akakuta pingili mbili bado za kijani, kila moja ina kijizizi kimejitokeza. Akazikata kwa kisu chake cha kukatia ngozi, chini kidogo ya pingili, akazitia kwenye glasi ya maji, mbali na jua. Jumapili mbili zilizofuata alimwambia mkewe kamera imeharibika. Pingili moja ilioza. Nyingine ikatoa mizizi myeupe kama nyuzi za kushonea, na jani likaanza kujikunjua.

Jumapili ya tatu akaielekeza simu kwenye glasi.

"Nini hicho?" mama aliuliza.

"Ndilo."

"Ndilo lipi?"

"Ua lako. Ulisema lipande, nikalipanda uani."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. "Fundi, nilisema tafuta kijiti lipande. Likwee. Likipata pa kushika ndipo majani yanakuwa makubwa."

"Kijiti sikukisikia. Nilisikia tafuta, halafu lipande. Nikatafuta mahali."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Alipotulia akasema, "Na kamera haikuwa imeharibika."

"Haikuwa."

"Sasa ulikuwa unanificha nini? Ua tu?"

"Niliogopa ukijua limekufa hutakuwa na cha kurudia."

Neno lilimtoka hivyo, bila kulipanga. Mama akaisogeza simu karibu na uso.

"Mwaka wa tatu huu nakuuliza, unaniambia salama."

"Salama ipo. Wewe hupo."

"Nilidhani umeshazoea," mama alisema taratibu. "Nikajiambia, mzee hanihitaji, acha nikae ninapohitajiwa."

"Njoo," Fundi alisema. "Kijiti nitakitengeneza, nitakivisha makumbi kama mkono wa kochi, lishike vizuri. Njoo tu."

Mama aliilaza simu mezani bila kuikata, na Fundi akabaki anatazama dari jeupe lenye taa ya duara. Alimsikia anamwita binti. Mlango ukafunguliwa, kisha zikaja sauti mbili, ya binti inapanda, ya mama haipandi. Maneno hayakumfikia. Pacha mmoja alilia, akabembelezwa, akanyamaza, na maongezi yakaendelea. Fundi aliishika simu kwa mikono miwili, hathubutu kuisogeza hata kidogo asije akaupoteza mtandao, akawa anatazama dari la watu na kusubiri uso urudi.