Kufuli la Arvel

Asubuhi ya Jumatatu, nyuma ya banda lake la magari, Verlin Stamper alikanyaga mafuta mpaka gari la marehemu kaka yake likapiga kelele na moshi ukatanda. Aliposhuka, aliona mstari mmoja mweusi kwenye lami. Akalizunguka gari kutafuta wa pili. Akarudi tena upande wa kwanza, kana kwamba mstari ni kuku aliyetorokea uvunguni.

Verlin alikuwa na miaka sitini na mitatu, thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiwanda cha karatasi pale Hamilton, Ohio. Wazazi wake waliteremka kutoka milima ya Kentucky na kuja na desturi zao zote. Kila mwisho wa Mei ukoo ulikutana makaburini, ukasafisha, ukapanda maua, ukala hapohapo kwenye majani. Na kama aliyezikwa mwaka huo alikuwa mtu wa magari, gari lake lililetwa langoni, matairi yake ya nyuma yakazungushwa papo hapo mpaka yatoe moshi na kuchora lami. Alama zile zilibaki wiki kadhaa, na watu walizisoma kama saini.

Arvel alikufa Februari. Mjane wake, Nedra, alimwomba Verlin aendeshe yeye. Siku ya makaburini ilikuwa Jumamosi hiyo, na gari la Arvel, Chevelle ya mwaka sabini, lilitakiwa kuchora mistari miwili, kwa sababu wilaya nzima ilijua lina kufuli.

Nieleze kidogo. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, ikiwa ya kawaida ina tabia mbaya: inapeleka nguvu kwa tairi lililo jepesi kuteleza, basi hilo linazunguka bure huku mwenzake amesimama anatazama. Difu yenye kufuli inayafunga yote mawili yasukume pamoja. Mwaka sabini na tisa ndugu hawa walishindana kwenye barabara ya mtoni, Chevelle kwa Chevelle, injini ileile. Verlin, kijana wa miaka kumi na minane, aliachwa nyuma urefu wa magari manne. Arvel alikuwa na kufuli, yeye hakuwa nalo. Wimbo huo Verlin aliuimba miaka arobaini na mitano, kiwandani, harusini, na, aibu iliyoje, hata kando ya kitanda alichougulia Arvel: nipe na mimi kufuli tuone.

Sasa mstari ni mmoja. Akawaza labda kufuli limechakaa. Akapandisha gari kwenye jeki, akafungua mfuniko wa difu, oili nyeusi ikamwagika kwenye beseni, akamulika tochi. Ndani hamkuwa na kufuli. Mlikuwa na gia za kawaida, zilezile zilizotoka na gari kiwandani, hazijawahi kuguswa. Aliinama pale hadi shingo ikamuuma. Akaifuta miwani, akatazama tena. Kitu kilichomla moyo nusu ya maisha yake hakikuwamo.

Chini ya gari aliona jambo jingine lisiloeleweka. Waya wa breki ya mkono ulikwenda tairi la kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa umekatwa zamani, ncha yake imefungwa vizuri isining'inie. Na breki yenyewe haikuwa ya asili, maana ile ya asili ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Arvel aliing'oa kwenye lori bovu akaifunga kando ya kiti, na Verlin siku zote alidhani ni kwa ajili ya goti lake baya.

Akaenda kwa Nedra na oili mikononi. Nedra alikuwa anapanga miche ya maua ya kupeleka makaburini. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Hiyo breki alikuwa anaivuta kidogo, meno yake yalie mara tatu," alisema. "Tairi likitaka kuteleza analishika, nguvu inakwenda la pili. Halafu anaiachia polepole. Alifanya mazoezi majira yote ya baridi, mikono imepasuka kwa ubaridi. Si kitu cha kununua dukani, shemeji."

"Lakini alisema ana kufuli. Alisema mbele ya watu."

"Alisema baada ya mbio, si kabla. Kumbuka vizuri. Ulikuwa umekaa mtaroni unalia, unasema gari unaliuza na usukani hushiki tena. Ndipo akasema."

Verlin alikumbuka mtaro. Kulia hakukukumbuka, au hakutaka.

"Na baadaye, mbona hakuniambia?"

"Kila akianza, wewe unaanza wimbo wako. Akaniambia, mwache tu, akijua magari yalikuwa sawa atampata wapi wa kumlaumu?"

Verlin aliendesha kurudi nyumbani akapitiliza njia yake mwenyewe. Arvel alimwonea huruma, au alimcheka miaka yote hiyo? Mtu anayekucheka hawezi kuutoa ushindi wake sadaka, kwa sababu tangu siku ile watu walisema Arvel alishinda kwa chuma, na aliyewafundisha kusema hivyo alikuwa Verlin. Lakini lile neno la mwisho, atampata wapi wa kumlaumu, kila akiligeuza lilikuwa na uso mwingine.

Jumanne alirudisha mfuniko, akatia oili, akajaribu kwa mkono kama Arvel. Akaivuta breki ikalia mara tatu. Gari likayumba, mkia ukapiga pipa la maji. Mara ya pili likazima. Mara ya sita mstari ulikuwa bado mmoja. Hakuweza. Jambo hilo lilimuuma kuliko mbio zenyewe.

Basi akafanya alichokiweza. Jumatano alivuta ekseli, akatoa kiini cha zamani cha difu, akatia kipya chenye sahani za kubana, yaani kufuli lenyewe. Alhamisi alipima mwachano wa meno ya gia hadi akaridhika, akatia oili na ile dawa yake ya sahani. Ijumaa alikwenda kwenye uwanja wa kanisa akizunguka kuchora nane, kulia na kushoto, mara ishirini, ili oili ipenye. Mchungaji akatoka kumuuliza kama yu mzima. Verlin akamjibu kwamba naye hana hakika. Nyuma ya banda gari likachora mistari miwili, minyoofu.

Jumamosi watu walikula kuku, maharage na mkate wa mahindi. Kisha wakasogea langoni. Verlin akakanyaga, moshi ukafunika maua, na gari likaenda limenyooka bila kuyumba hata kidogo. Cletus Fugate, aliyeshika leso ya kuanzishia mbio zile za sabini na tisa, akachuchumaa akaigusa ile mistari kwa kidole.

"Kufuli la Arvel hilo," alisema. "Maskini Verlin. Ungekuwa nalo wewe, bwana, leo tungesema mengine."

Watu walicheka, wakasubiri wimbo. Nedra alisimama na sahani yake bila kutafuna.

"Hilo nimelitia mimi Jumatano," alisema Verlin. "Arvel hakuwahi kuwa nalo. Magari yalikuwa sawa. Alinishinda kwa mkono."

Cletus alivua kofia, akaitazama mistari, akamtazama Verlin.

"Sasa mbona alisema analo?"

Verlin alitaka kusema hajui, na kweli hakujua yote. Akaketi palepale barabarani, kati ya mistari miwili, akalia kama alivyolia mtaroni, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumdanganya.