Umekula Nini Leo Asubuhi?

Msiniombe video. Kila nikisimulia kisa hiki lazima atokee mtu wa kusema, "Wewe si mtu wa kamera? Basi tuonyeshe." Sina. Kazi yangu ni filamu za hali halisi, mkate wangu ni kuwaonyesha watu mambo yaliyotokea kweli, na hili lililonitokea bondeni Kilombero sina hata picha yake moja. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini haki ya Mungu nilikuwepo, nilikuwa na akili zangu timamu, na pombe sikuwa nimeonja.

Zamani tulikuwa watatu. Mimi kamera, Kizito sauti, Zuhura anahariri. Hatukuwa na kampuni wala bosi, tulikuwa na begi la vifaa na ubishi mwingi. Kizito alikuwa na ugonjwa wake mmoja. Akishambandika mtu maiki ile ndogo ya kifuani, anavaa hedifoni, anamwuliza, "Umekula nini leo asubuhi?" Awe mkulima, awe mkuu wa wilaya, swali ni lilelile. Ni kupima sauti tu, asikie mtu akiongea kawaida. Ila yeye alisema jibu hilo ndilo la kweli kuliko yote utakayopata siku hiyo, maana nani anajiandaa kudanganya kuhusu uji?

"Halafu sikiliza shati," alikuwa ananiambia. "Mtu aliyevaa maiki unamsikia kabla hajafungua mdomo. Shati linakwaruza, pumzi inaingia inatoka. Usiposikia hivyo, ujue kuna kitu hakipo sawa."

Kizito akapata ajira kwenye shirika fulani Dodoma. Zuhura akaenda Dar kuhariri video za harusi. Siwalaumu hata kidogo, watu wana watoto. Mimi nikabaki na begi, na filamu iliyoishia nusu.

Filamu yenyewe ilihusu walinzi wa mpunga. Mtu wa Ifakara msimu ukifika anafunga nyumba yake mjini, anahamia shambani, anaishi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji na matope, anafukuza ndege wasimalize mpunga. Anakaa huko wiki kwa wiki, peke yake. Nilidhani naenda kurekodi upweke wa watu wengine. Jamani! Nilipanga chumba gesti pale Ifakara, na kuna siku zilipita sijaongea na binadamu zaidi ya kusema "niletee wali samaki." Jioni nashika simu, naperuzi majina, naiweka chini. Ungempigia nani, umwambie nini? Kwamba leo mwanga ulikuwa mzuri? Zamani Kizito angebisha kwamba haukuwa mzuri, tukagombana mpaka chakula kikapoa. Nilikuwa naukosa ule ugomvi, sikufichi.

Siku hiyo nilikuwa na miadi na mama mmoja anaitwa Mama Sabina. Alasiri nikachukua bodaboda, tukavuka daraja, tukaacha barabara ya Lupiro, tukaingia njia za mashambani mpaka pikipiki ikagoma kwenye matope. Dereva akaniambia, "Kaka, malizia kwa miguu, nitakufuata jua likizama." Nikaenda.

Dungu nililiona, Mama Sabina sikumwona. Juu alikuwa amekaa kijana mwenye shati la bluu, miguu inaning'inia.

"Shikamoo kaka," akasema.

"Marahaba. Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe kaenda kwa mwanawe, anaumwa. Mimi nipo."

Sasa wewe ungefanyaje? Umekuja mbali, jua linashuka, mwanga umekuwa wa dhahabu kama tunavyoutaka sisi, na mlinzi yupo juu ya dungu. Nikamwomba nimrekodi. Akakubali upesi mno, kana kwamba alikuwa ananisubiri mimi. Nikapanda ngazi, nikambandika maiki, nikashuka, nikavaa hedifoni, jicho kwenye kamera.

Ukiwa na mtu wa sauti, mmoja anatazama na mwingine anasikiliza. Ukiwa peke yako unafanya yote, na hakuna unalolifanya sawasawa. Mimi nilikuwa natazama. Kwenye kioo niliona ndege wametua kwenye boriti, karibu kabisa na bega lake, wanachambua manyoya yao bila wasiwasi. Mlinzi wa ndege, na ndege hawamwogopi! Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, hii picha itanipa jina. Mungu anisamehe, ndicho nilichofikiri.

"Jitambulishe jina na unapotoka," nikasema.

"Naitwa Deo. Nyumbani Lipangalala, nyuma ya mashine ya kukoboa. Ukiuliza kwa Mama Deo watakuonyesha."

"Umekula nini leo asubuhi, Deo?"

"Sijala."

"Basi jana jioni?"

"Sijala, kaka. Tangu maji yalipokuja."

Nikacheka. Nilijua ni utani wa watu wa bondeni. Yeye hakucheka. Akaanza kuongea polepole, na sauti kwenye hedifoni ilikuwa safi ajabu, Kizito mwenyewe angeisifu.

"Kila jioni mama ananiwekea chakula. Anakifunika, sahani ya bati juu ya sahani ya bati, nasikia mpaka huku. Nikisikia nanyanyuka. Sitaki, lakini miguu inakwenda. Nafika mtoni, kuvuka siwezi, narudi. Kesho anafunika tena. Nimechoka, kaka. Mwambie mama aache kuniwekea. Mwambie sirudi, na nimechoka kutembea."

Hapo nikainua jicho kutoka kwenye kamera. Yeye akaniuliza, "Na wewe, nani anakuwekea?"

Nikajibu ukweli. "Hakuna."

"Pole," akasema.

Alisema kwa huruma kweli, na wiki nzima ile hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia neno la upole. Machozi yalinilenga, nakuapia. Na ilikuwa ni katika kujikaza nisilie, nimenyamaza, ndipo niliposikia kile ambacho sikisikii. Shati. Upepo ulikuwa unapeperusha shati lake la bluu, naliona kwa macho yangu, na kwenye hedifoni hakuna kukwaruza. Hakuna pumzi. Hakuna kitu kabisa.

Honi ya pikipiki ikalia nyuma yangu. Niligeuka, kufumba na kufumbua tu, nikageuka tena. Ndege wapo, boriti ipo. Maiki ilikuwa imelala juu ya ubao, kibanio chake kimefunga, kimeshika hewa. Nilipoichukua ilikuwa imelowa, na ina matope.

Dereva akaniuliza, "Ulikuwa unaongea na nani, kaka?"

"Na Deo. Wa Lipangalala."

Aliwasha pikipiki haraka. Tulikwenda mpaka juu ya daraja, akapunguza mwendo, akasema bila kugeuza shingo, "Masika ile ya mafuriko alikwenda kuokoa mpunga wao. Mtumbwi ulipatikana umepinduka. Yeye hakupatikana."

Gesti nikafungua ile kadi ya kamera. Picha ni dungu, ndege na mwanga mzuri. Sauti ni yangu tu. "Umekula nini leo asubuhi, Deo?" Halafu kimya. "Basi jana jioni?" Halafu kimya kirefu, kirefu, mpaka mahali ninaposema "Hakuna." Nilimpigia Kizito. Nilitaka anicheke, nilitaka anitukane hata. Hakupokea. Nikalala taa inawaka.

Kesho yake jioni nilikwenda Lipangalala. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kukaa pale chumbani nikijua kwamba saa ile kuna mtu anatembea kuelekea mtoni.

Mama Deo nilimkuta anapakua. Mama mnene kiasi, rozari shingoni, kitenge kifuani. Wali na kambale. Alipakua sahani yake, halafu akapakua nyingine, akaichukua sahani tupu ya bati, akaifunika. Ti! Mkono wangu ukashika mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Jirani mmoja alikuwa amenidokeza njiani kwamba mama huyu amekataa matanga, amekataa misa ya marehemu, padri alikuja akamrudisha. Anasema mwanawe yuko safarini. Sasa nianze vipi? Nilijaribu kueleza nikawa natapatapa, kamera, dungu, shati la bluu. Aliposikia shati la bluu alinyoosha mkono. "Nipe nisikie."

"Mama, hakuna sauti. Ni mimi tu naongea."

"Nipe."

Nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba, nikabonyeza. Nikakaa namtazama, nikiona aibu, kwa sababu nilijua anasikiliza kimya. Na yule mama akaanza kutikisa kichwa. "Mm," akasema. "Mm, baba. Nakusikia." Machozi yanamshuka, anaitikia, anatulia, anaitikia tena. Nilitazama kamera: rekodi ilikuwa imekwisha. Kioo kimesimama. Mama bado anasikiliza. Kuna mahali alicheka kidogo, akanitazama mimi, akaendelea kusikiliza. Alimwambia nini? Sijui mpaka leo, na sijathubutu kuuliza.

Mwishowe akavua hedifoni mwenyewe. "Haya," akasema. "Nenda, mwanangu. Pumzika." Hakuwa anasema na mimi.

Kisha akanyanyuka, akachukua ile sahani iliyofunikwa, akaifunua, akaiweka mbele yangu. "Kula."

"Mama, hiki si changu."

"Kula. Amesema wewe huna wa kukuwekea."

Nikala. Kilikuwa kimeshapoa, na nilikula chote, ananitazama, nalia kama mtoto huku natoa miiba. Kadi ile nilimwachia. Hana mashine ya kuichezea wala haihitaji, ameiweka kwenye kopo la rozari. Ndiyo maana nawaambia video sina. Ilikuwa roho ya filamu yangu, najua, Zuhura amenigombeza mpaka kachoka. Filamu niliimaliza bila Deo, ikaonyeshwa mahali, watu wakapiga makofi.

Jumapili iliyofuata Mama Deo aliandikisha misa. Wakakaa matanga, na mimi nikakaa nao. Kisha akaanza kunipigia simu kila jioni. "Umekula?" Nimekula, mama. Niwe Malinyi, niwe Kidatu, nasema nimekula. Kizito anasema nimepata mama uzeeni. Namwacha acheke, kwa sababu hili la mwisho sijamwambia.

Kuna jioni nilikuwa Mlimba, nasubiri treni. Treni imechelewa, simu imezima chaji, mama hanipati, mimi nimekaa juu ya begi langu peke yangu. Nikasikia, karibu kabisa na sikio, bati juu ya bati. Ti! Na miguu yangu ikanyanyuka. Sikuiamuru mimi. Ilinitoa pale kwenye begi, nikaanza kutembea kwa kufuata reli, upande wa Ifakara, giza linaingia, na kila nilipotaka kusimama sikuweza. Nilikuwa naijua njia yote itakavyokuwa, na najua ni mto gani ningeufikia. Dada mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya reli aliniona uso, akanishika mkono. Nilimwomba simu huku miguu inapiga hatua palepale.

"Mama! Nimekula! Funua hiyo sahani!"

Nilisikia anavyoifunua. Miguu ikatulia.

Kwa hiyo wewe unayezunguka peke yako na kamera, sikiliza shati kwanza kabla hujafurahia picha. Ukimwuliza mtu amekula nini akakwambia hajala, usimwulize tangu lini. Na kama mahali fulani yupo mtu anayekuwekea chakula, mpigie kabla hajakifunika.