Ngumbaru wa Vijiko vya Sukari

Wananchi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, wakubwa kwa wadogo, mlioko kazini na mlioko vilabuni, mnatangaziwa rasmi: Bibi Winifrida Komba, mkaanga maandazi wa Mtaa wa Mchikichi, ameingia katika historia ya sayansi. Ni mtu mzima wa kwanza nchini kufutiwa ujinga kwa kijiko cha sukari. Mnaombwa msimame. Wenye kofia wavue.

Haya, kaeni sasa niwaeleze.

Winifrida alikuwa mwanamke wa miraba minne kutoka Songea, mwenye sauti ya kupasua nazi na karai jeusi kuliko roho ya mlanguzi. Asubuhi alikaanga maandazi mbele ya nyumba aliyopanga, na wabeba mizigo pamoja na mafundi waliokuwa wakijenga soko jipya wakayala wamesimama. Aliyafungia kwenye kurasa za magazeti, na hakufunga ukurasa kabla hajausoma mpaka tangazo la mwisho la vifo. Wateja walimjua: ukitaka andazi la moto, usimkute kwenye habari za mahakamani.

Kwa hiyo mwanamke huyu alijua kusoma. Mtaa mzima ulijua hivyo, isipokuwa Dokta Wilbert.

Dokta Wilbert alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na ndevu za kidevuni, suruali pana chini kama kengele, na nadharia. Nadharia yenyewe ilisema kwamba kiumbe hurudia jambo linalomletea faida, na huacha lisilomletea. Ili kuligundua hilo, wataalamu walikuwa wamewafungia njiwa visandukuni miaka na miaka, wakiwatupia punje kila walipodonoa panapotakiwa. Dokta alikuwa ameona njiwa hao kwa macho yake, na tangu hapo kila kiumbe aliyemtazama alimwona mabawa.

Mwaka ule sukari ilikuwa imeadimika. Kwenye foleni ya duka la ushirika watu waliweka mawe yawashikie nafasi wakaenda zao kazini, na jiwe lililowahi lilikuwa na heshima kuliko mtu aliyechelewa. Dokta alikuwa na madebe ya sukari, kwa kibali, kwa ajili ya utafiti. Akafungua darasa la ngumbaru, watu wazima wasiojua kusoma, katika ofisi ya tawi la chama, ng'ambo ya barabara kutoka dukani, akasoma utaratibu wake kwa sauti ya mtu anayekata utepe. Atakayejua leo neno ambalo jana hakulijua atapata kijiko kimoja cha sukari, hapohapo. Atakayesoma ukurasa mzima bila kukwama atapewa cheti, atapigiwa makofi, ataondoka ampishe mwingine.

Mzee Suud, mwenye duka la khanga, akanyoosha mkono.

"Dokta, hao njiwa wako, sasa wanasoma gazeti?"

"Hapana, mzee wangu. Wanatofautisha alama."

"Alaa. Basi mtama umekwenda bure."

Watu wakacheka. Winifrida hakucheka. Alikuwa analitazama debe, na alikuwa amekwisha kuona kwamba utaratibu ule ulilipa kupanda ngazi, haukulipa kufika juu. Maandazi bila sukari ni ugali wa kukaanga, na wateja walishaanza kumwambia hivyo usoni. Bila sukari karai lingezimika, na karai likizimika, Songea ilikuwa inamngoja na jembe. Akajiandikisha kwa dole gumba, tena akalipindisha kidogo, lionekane halijazoea.

Darasani mle mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajui kusoma kweli: Scholastika, muuza samaki wa kukaanga. Maskini, akasoma. Herufi zikamwingia, maneno yakashikana, na kabla mvua hazijaisha akausoma ukurasa mzima kwa sauti. Makofi, cheti, kwaheri. Kesho yake akarudi na kikombe cha chai mkononi.

"Dokta, na sukari yangu?"

"Dada, wewe umeshafuzu!"

"Sasa chai nikoroge na hiki cheti?"

Hilo ndilo somo pekee ambalo darasa zima lililielewa siku ileile. Nafasi ya Scholastika ikachukuliwa na karani mstaafu wa posta. Nyuma yake akaingia katekista. Mzee Suud, aliyesoma kutoka kulia na kutoka kushoto, na hesabu juu yake, akaketi benchi la mbele akiitazama herufi B kama mgeni aliyekuja bila kubisha hodi. Winifrida ndiye aliyewafunda wote, uani, kabla ya kipindi.

"Usikosee yote, Mzee Suud, utaonekana mgonjwa. Kosea mawili. Kesho likumbuke moja, halafu ushangae."

"Nishangae vipi?"

"Kama ulivyoshangaa serikali ilipoichukua ile nyumba yako ya ghorofa."

"Mwanamke huna adabu wewe!"

"Umeshangaa vizuri sana, baba. Shikilia uso huohuo."

Dokta akachora grafu zilizopanda taratibu, ngazi baada ya ngazi, nzuri mno, akazibandika ukutani. Alizisifia mbele ya mjumbe, mbele ya wapita njia, hata mbele ya mbuzi aliyeingia kutafuta maganda. "Tabia inachongwa!" alisema. Ilikuwa inachongwa kweli. Karani wa posta alikuwa amezoea kukwama hata akaanza kukwama nyumbani, akisoma barua za wanawe.

Hapo ndipo wizara ikaleta wageni, na Dokta akamchagua Winifrida asome mbele yao. Ilikuwa wiki ya kuelekea Idi, na maandazi yalikuwa yameagizwa na nyumba nyingi. Akisoma vizuri, cheti, na sukari kwaheri. Akishindwa kabisa, mradi ungefungwa. Akaamua atasoma nusu ya ukurasa, kisha akwame kwa heshima.

Siku ikafika. Mgeni rasmi akakaa kwenye kiti chenye mto, pamoja na Wazungu wawili waliokuwa wakijipepea. Winifrida akasimama na kitabu, mgongo ukutani, uso dirishani.

"Ju... ma... a-na... li... ma..."

"Vizuri!" Dokta akainua kijiko.

"Pa... mba... li... na..."

Ng'ambo ya barabara, mwuzaji wa duka la ushirika akatoka na chaki, akaandika ubaoni kimyakimya: SUKARI IMEFIKA. KILO MOJA MOJA. HAITOSHI WOTE.

Winifrida akakifunga kitabu, akapita mlangoni. Karani akageukia dirishani, akausoma ubao, akamfuata. Katekista akaruka benchi, kanzu imeshikwa mkononi. Mzee Suud, ambaye asubuhi ileile alikuwa ameshindwa na neno "kuku", akatokea dirishani. Ngumbaru wote wakaondoka kwa kusoma ubao mmoja, wa mbali, wenye mwandiko mbaya, bila hata mmoja wao kusogeza midomo.

Mgeni rasmi akaangalia mabenchi matupu, akaangalia ubao, akasimama kwa furaha. Akatangaza kwamba darasa zima limefuzu, kwamba mradi umekamilika, na kwamba madebe yaliyobaki yatahamishiwa mkoa mwingine wenye ujinga zaidi. Ndivyo Winifrida, hodari wa hesabu za debe, alivyobadilisha debe kwa kilo moja, na kilo yenyewe ilikuwa bado haijapimwa.

Dokta Wilbert akavuka barabara mbio, kijiko bado mkononi, wageni nyuma yake. Akajipenyeza hadi mbele ya foleni, machozi yakimlengalenga.

"Winifrida! Waambie wageni, kwa maneno yako mwenyewe! Unajisikiaje, sasa ujinga umekutoka?"

Winifrida akamtazama, akatazama foleni iliyokuwa ikinung'unika mgongoni mwake.

"Nasikia joto," akasema. "Rudi nyuma, Dokta. Huku mbele kuna watu."